Mpira mpya wa bolingi: leni za mbao unakata kona mapema mno, kwenye ligi unanyooka kama rula. Shida ni nini?

#1 Mluguru wa Ohio
Wakuu, habari za leo. Niko Columbus, Ohio, huu ni msimu wangu wa 4 kwenye ligi ya Alhamisi. Mwezi uliopita nilijikaza nikanunua mpira wangu wa kwanza wa rezini, ganda linaloshika leni kwa nguvu. Ratili 15, ganda la solidi, kiini kisicho na ulinganifu, na kiwandani wameumalizia kwa msasa namba 2000. Kabla ya hapo nilikuwa natumia mpira wa mtumba wa yurethani, ganda la kabla ya enzi za rezini, niliouziwa na jamaa wa kazini.

Nimeshacheza nao michezo 18 na bado sijauelewa. Karibu na kwangu kuna ukumbi mdogo wa leni 12, bado za mbao. Pale mpira ukishapita mishale (zile alama za kulengea kwenye leni) tu unaanza kuvuta kushoto. Ama unavuka pini ya kichwa, ile ya 1 ya mbele, na kuingilia upande wa pili, ama unafika poketi, pale kati ya pini ya 1 na ya 3, ukiwa umechoka na kuniachia pini ya 10, ile ya nyuma kulia kabisa. Jumapili nimeachiwa pini ya 10 mara 7. Pini ya 6 unaiona imelala mtaroni pembeni yake, na ile ya 10 haijaguswa.

Alhamisi kwenye ligi ni ukumbi mkubwa, leni za sintetiki, mafuta yamepakwa saa moja kabla hatujaanza. Mpira uleule, mkono uleule. Unateleza moja kwa moja hadi kwenye pini, unagonga upande wa kulia na kuniachia 1, 2, 4 na 7 zimesimama. Mchezo wa 3 ghafla unaamka na kuanza kukata kona kama wa Jumapili.

Nimetoa pesa yangu kwa jasho na ninaupenda mpira huu. Nielewesheni.

#2 Kamwana wa Minneapolis
Mafuta, ndugu yangu. Ukumbi wa kwanza hayapo, ukumbi wa pili yamejaa. Mpira haukati kona hewani, unakata pale unapopata msuguano. Pale kwenye mbao msuguano unaupata mapema, nguvu yote inaishia njiani na pini ya 10 inabaki. Kwenye ligi unaupata umechelewa. Kumbuka leni ina urefu wa futi 60 na upana wa mbao 40, sasa ukichelewa kwa futi 5 tu umekosa poketi.

#3 Chausiku
Nakaa hapa nisome. Nami nina kesi kama hii.

#4 Dogo Mgeni
Samahani wakubwa, kwani leni zinapakwa mafuta? Mimi nilianzia Village Market pale Nairobi na siku zote nilijua ule mng'ao ni polishi ya sakafu.

#5 Binti Makunduchi
@Dogo Mgeni karibu sana. Ni mafuta kweli, tabaka jembamba mno, na yanapakwa na mashine inayotembea juu ya leni. Zamani yalikuwa ya kulinda mbao zisichubuliwe na mipira, leo ndiyo yanayoamua mchezo. Hayafiki mwisho wa leni. Kumbi nyingi hupaka kama futi 38 hadi 42 kutoka mstari wa faulo (ule usioruhusiwa kuuvuka unapotupa), na zinazobaki hadi kwenye pini ni kavu. Tena katikati hupakwa mengi na pembeni kidogo, ili mpira ukikosewa kwa nje upate ukavu na kurudi, na ukikosewa kwa ndani uteleze usivuke. Ndiyo maana mchezaji wa kawaida ukumbini anapata alama nzuri.

@Kamwana nakurekebisha kidogo tu: leni ina mbao 39, si 40. Hata za sintetiki zimechorwa mistari hiyohiyo 39.

#6 Kamwana wa Minneapolis
Asante dada, 39 ni sawa. Hoja yangu inabaki palepale.

#7 Fundi wa Matundu
Mluguru, mimi kazi yangu ni kutoboa mipira matundu ya vidole, mwaka wa 11 sasa, niko Texas. Kabla watu hawajakumalizia mafuta yote ya Ohio, naomba kitu kimoja. Alhamisi ukitupa mpira kwenye mafuta mapya, mpira ukirudi usiufute. Uinue kwenye taa uangalie zile pete za mafuta. Utaona mistari myembamba imezunguka mpira, inakutana sehemu mbili kama fundo la tai ya kipepeo, halafu inatawanyika katikati. Pima pete ya kwanza na ya mwisho zimeachana inchi ngapi. Angalia pia kama kuna pete inayopita juu ya tundu la kidole gumba au vidole vya juu. Na sikiliza mpira ukiwa unakwenda, je unasikia ta-ta-ta-ta?

Kiini chenye nguvu kinaufanya mpira uhame mhimili wake kila unapozunguka, hivyo kila mzunguko unagusa leni kwa ngozi kavu mpya. Kama ulitobolewa vibaya, pete zinalaliana na mpira unatembea juu ya mafuta yake wenyewe. Hapo hata ganda kali halisaidii.

#8 Mzee wa Raba
Wanangu, nimesoma. Nimeingia nchi hii 1979 na nimecheza na mipira myeusi ya raba, ya plastiki, ya yurethani ilipoingia miaka ya 80, na hii rezini tangu ilipotoka mwanzoni mwa miaka ya 90. Kila ulipotoka mpira mpya watu waliuliza swali hili hili. Mimi nauliza lingine: Mluguru anautupa kwa kasi gani? Mtu aliyezoea yurethani anakuwa amejifunza kusukuma. Rezini haitaki kusukumwa. Ukiisukuma kwenye mafuta mapya inafika kwenye pini haijapata muda wa kusimama kwenye miguu yake.

#9 Dogo Mgeni
Shikamoo mzee. Mpira wa raba ulikuwa unakata kona kweli?

#10 Mzee wa Raba
Marahaba. Ulikuwa unakata, taratibu, ukiwa na mkono. Leo ganda linafanya nusu ya kazi.

#11 Kushoto Daima
Sisi wa mkono wa kushoto hatuna shida hizi, upande wetu mafuta yanakaa hadi mchezo wa mwisho. Poleni.

#12 Binti Makunduchi
Wameingia wenyewe sasa. Kwenye ligi yetu wa kushoto ni 2 kati ya 20, leni nusu nzima ni yao peke yao kama shamba la urithi.

#13 Kushoto Daima
Earl Anthony alikuwa wa kushoto na mataji 43 ya PBA, chama cha wachezaji wa kulipwa, hakupewa na mafuta. Lakini nakubali, tunapumua. Tatizo letu ni kwamba upande ukiwa mgumu hakuna wa kutufungulia njia. Ukianza vibaya unamaliza vibaya.

#14 Mswahili wa Khuweir
Salamu kutoka Muscat. Hakuna aliyetaja joto. Huku nje ni nyuzi 44, ndani kiyoyozi kinatetemesha meno. Mpira wangu wa kwanza wa rezini niliuacha kwenye buti la gari kuanzia asubuhi hadi alasiri. Nilipoutoa ulikuwa umetoka jasho la mafuta, mafuta yale uliyokuwa umeyanywa kwenye leni kwa miezi, yanang'aa juu ya ganda. Usiku ule ulikata kona kuliko siku zote. Wiki mbili baadaye nikauacha tena, na safari hiyo ukapasuka kutoka tundu la gumba hadi la kidole cha kati, ufa unaoingiza ukucha. Nilikaa na ule mpira mapajani kama mtu aliyefiwa na mbuzi wake.

Mluguru, Ohio ni baridi sasa. Mpira unalala wapi?

#15 Mluguru wa Ohio
@Mswahili pole sana kaka. Wangu unalala kwenye buti siku ya ligi, natoka nao kazini moja kwa moja. Sikuwahi kufikiria hilo. Jumapili natoka nao nyumbani, sebuleni kuna hita. Kumbe.

#16 Kamwana wa Minneapolis
Hapo Muscat amegusa jambo. Huku Minnesota mpira ukitoka kwenye buti Januari ukaingia ukumbini, ndani ya dakika 5 umeloa maji kama soda iliyotoka kwenye friji. Lakini joto peke yake haliwezi kueleza tofauti kubwa namna ile. Mpira ukikaa ukumbini nusu saa unapata joto la ndani. Mluguru anasema michezo 2 mizima unanyooka.

#17 Mtoto wa Uvira
Aksanti kwa uzi huu. Mimi natupa mikono miwili, bila gumba, nilijifunza kwa kutazama video za Jason Belmonte wa Australia. Kabla yake kulikuwa Osku Palermaa wa Finland. Ukitupa mikono miwili mpira unazunguka sana, hata kwenye mafuta mengi unashika. Mluguru jaribu.

#18 Mzee wa Raba
Mwanangu wa Uvira, usimbadilishie mtu mkono katikati ya msimu. Mgongo wake utamlipa deni hilo.

#19 Mtoto wa Uvira
Mzee, mwenyewe Belmonte ana mataji makubwa 15 na mgongo wake bado unainama vizuri.

#20 Chausiku
Mimi nimejaribu mikono miwili, nikaangukia magoti mbele ya watoto wangu. Tuendelee na mafuta.

#21 Mluguru wa Ohio
Wakuu, nimerudi kutoka ligi na nimefanya kama Fundi alivyosema. Kompyuta ya ukumbi inaonyesha kasi, nimekuwa nikitupa maili 18.5 kwa saa na wakati mwingine 19. Mzee umenikamata.

Pete: nilisimama chini ya taa ya mashine ya kurudishia mipira, wenzangu wakanishangaa. Zipo 8 ninazoziona vizuri. Ya kwanza na ya mwisho zimeachana kama inchi 4. Zinaanza mbali na gumba, halafu zile 2 za mwisho zinapita ukingoni kabisa mwa tundu la kidole cha pete. Na ile ta-ta-ta, ndiyo, naisikia mpira ukiwa umbali wa kama futi 45. Nilidhani ni leni.

Alama: 171, 204, 158. Ile 204 ni mchezo wa 2, nilisogea.

#22 Fundi wa Matundu
Inchi 4 ni nzuri, kiini kinafanya kazi. Lakini hiyo ta-ta-ta ni tundu linakanyaga leni. Futi 45 ni pale mafuta yameshaisha, pale pale mpira unapotakiwa kung'ata. Ukikanyaga tundu hapo mpira unarukaruka badala ya kushika. Mpelekee fundi aliyekutobolea, aupime upya mhimili wako. Inawezekana alitumia vipimo vya ule mpira wa mtumba, ambao haukuwa wa mkono wako.

#23 Binti Makunduchi
Fundi nakuheshimu, lakini tundu ni lile lile Jumapili na Alhamisi. Kama ndilo tatizo, mbona kwenye mbao unakata vizuri tena kupita kiasi?

Naona kosa ni mstari anaotupia. Mluguru, unalenga mshale wa ngapi?

#24 Mluguru wa Ohio
Wa 3 dada. Tangu enzi za yurethani.

#25 Binti Makunduchi
Mshale wa 3 ni ubao wa 15. Ukitupa kutoka hapo karibu wima, mpira wako unaishi kwenye mafuta mazito ya katikati mwanzo hadi mwisho, ukavu wa nje hauuoni kabisa. Kuna hesabu wachezaji wanaitumia: chukua urefu wa mafuta toa 31. Mafuta ya futi 40, toa 31, unapata 9. Basi mpira unapomaliza mafuta unatakiwa uwe karibu na ubao wa 9 ukihesabu kutoka kulia, ndipo ugeuke. Wewe uko 14 au 15. Mpira hauna makosa.

#26 Kamwana wa Minneapolis
Hesabu ya 31 ni ya mafuta ya mashindano, dada. Yale ya PBA yenye majina ya wanyama: Cheetah ni mafupi, unacheza nje karibu na mtaro, Shark ni marefu, unaingia ndani. Hayo yamepakwa karibu sawa upana mzima wa leni, kwa hiyo urefu ndio unaokuongoza. Mafuta ya ukumbini yanakuongoza yenyewe kwa lile rundo la katikati, hata ukikosea hesabu.

#27 Binti Makunduchi
Mimi naitumia kwenye ligi kila wiki kama mahali pa kuanzia. Sijasema ni msahafu.

#28 Kushoto Daima
Na kwenye mbao? Nani amemjibu kuhusu mbao?

#29 Mzee wa Raba
Nitasema mimi, nimecheza huko zaidi ya kumbi nyingine zote. Leni ya mbao si kitu kimoja. Futi 15 hivi za mwanzo ni mti wa mepo, mgumu, kwa sababu mipira inadondoshewa hapo. Katikati ni msonobari, laini, halafu pale pini zinaposimama ni mepo tena. Ukipiga goti ukapapasa kwa kiganja unasikia maungio, na leni za zamani zina njia iliyochimbika kwa miaka ya mipira kupita palepale. Ganda la msasa 2000 likifika kwenye ule msonobari usio na mafuta ya kutosha linashika kama kucha kwenye busati. Pale mwanangu chukua hata mpira wa plastiki, tupa wima, utafunga mchezo.

#30 Dogo Mgeni
Plastiki si ile ya kuokotea speya tu, zile pini zilizobaki kwa mtupo wa pili?

#31 Mzee wa Raba
Wapo waliotengeneza 300, alama za juu kabisa, nayo, mwanangu. Wengi.

#32 Fundi wa Matundu
Naongeza kuhusu msasa, maana kila mtu anataja 2000. Hiyo 2000 ilikuwa siku ya kwanza. Michezo 18 baadaye ganda limeshalainishwa na leni zenyewe, na leni kavu za mbao ndizo zinazolilainisha haraka zaidi. Mluguru, pitisha ukucha juu ya njia ya mpira, halafu upitishe sehemu ambayo haigusi leni. Kama ile njia inang'aa na ukucha unateleza, basi unapeleka mpira uliong'arishwa kwenye mafuta mapya ya Alhamisi. Unateleza. Mchezo wa 3 mafuta yamepungua, unaamka. Inaeleza kila kitu bila hesabu ya 31.

#33 Mluguru wa Ohio
Nimepitisha ukucha sasa hivi, mpira uko mapajani. Njia inang'aa. Sehemu nyingine ina vumbi vumbi ya msasa, kama ubao wa shule.

#34 Chausiku
Basi imekwisha, ni msasa.

#35 Kamwana wa Minneapolis
Haijaisha. Mchezo wa 3 mafuta hayapungui tu, yanasukumwa mbele pia. Kama kwenye jozi yenu ya leni kuna mtu wa plastiki au yurethani, anayabeba kutoka mwanzo wa leni anayaacha futi 45 huko. Mpira unapotakiwa kugeuka unakuta filamu ya mafuta.

#36 Fundi wa Matundu
Hiyo ilikuwa enzi za Mzee. Siku hizi kwenye ligi wengi wana rezini, na rezini inayanywa mafuta, haiyabebi. Kinachotokea ni kukauka.

#37 Kamwana wa Minneapolis
Yurethani imerudi sana, kaka. Timu yetu ina watu 2 na Purple Hammer zao. Ukicheza nyuma yao utaniambia.

#38 Mluguru wa Ohio
Kwenye jozi yetu yupo mmoja wa yurethani. Ila yeye ni wa kushoto.

#39 Kushoto Daima
Msinitazame.

#40 Jogoo la Shamba
Suluhisho jepesi: ongezea tundu la mizani pembeni, lile lisiloingizwa kidole, mpira unaongezeka nguvu. Wangu nilifanya hivyo ukaamka.

#41 Fundi wa Matundu
Usimpoteze mwenzio. USBC, shirikisho la bolingi la Marekani, iliondoa matundu ya mizani tangu tarehe 1 Agosti 2020. Kila tundu lazima liingizwe kidole unapotupa. Kwenye ligi iliyosajiliwa alama zake zitafutwa.

#42 Jogoo la Shamba
Wangu ni wa 2016. Asante, sikujua, na ninacheza ligi. Nitaleta uzibwe.

#43 Mswahili wa Khuweir
Mluguru, usiufute kwa dawa ya maji katikati ya mchezo nayo. Kwenye mashindano ni taulo kavu tu. Dawa utapaka ukimaliza, mpira ukiwa bado na joto, kabla mafuta hayajazama kwenye ganda. Mimi nafanya pale pale kwenye kiti kabla ya kuvua viatu.

#44 Mtoto wa Uvira
Nunua mpira wa pili, ganda la lulu lililong'arishwa, kwa zile mbao. Mmoja wa mafuta, mmoja wa ukavu.

#45 Binti Makunduchi
Asinunue kitu. Mtu ana michezo 18 na mpira mmoja, anatupa maili 19 juu ya ubao wa 15. Apunguze hadi 17, asogeze miguu, alenge mshale wa pili, kisha ndiyo tujadili pesa. Kila anayeuliza swali hapa anaambiwa anunue.

#46 Mzee wa Raba
Binti huyu ana akili. Mluguru, straiki safi, pini zote 10 kwa mtupo mmoja, mpira wenyewe unagusa pini 4 tu: 1, 3, 5 na 9. Zilizobaki zinaangushwa na pini wenzake. Ile pini ya 10 yako inabaki kwa sababu mpira umeingia ukiwa umelegea, pini ya 6 inaanguka kivivu mtaroni badala ya kuruka na kuipiga. Angalia ile pini ya 6, itakuambia kama mpira umefika na nguvu.

#47 Mluguru wa Ohio
Wakuu, nimefanya mambo kadhaa kwa wakati mmoja, najua Fundi atanigombeza. Jumatano nimeupitisha msasa 2000 upya. Alhamisi mpira ulikaa ndani ofisini, haukuingia kwenye buti. Nikalenga mshale wa pili, kasi 17.

Mchezo wa 1: 213. Straiki 4 mfululizo mwanzoni. Mpira ulitoka hadi karibu ubao wa 8, ukageuka kama umeitwa jina. Nilisimama pale kwenye mstari sikurudi kitini.

Mchezo wa 2: 187. Nilisogea mbao 2 kushoto kwa miguu na 1 kwa mshale.

Mchezo wa 3: 149. Mpira ulianza kuvuta mapema kama Jumapili. Pini ya 10 mara 4. Nilisogea, nikasogea tena, nikachelewa.

Na ta-ta-ta bado ipo.

#48 Fundi wa Matundu
Nilisema. Tundu.

#49 Binti Makunduchi
213 na tundu lipo. Mstari.

#50 Mswahili wa Khuweir
Na hakuuweka kwenye buti.

#51 Kamwana wa Minneapolis
Mchezo wa 3 ulipaswa kusogea mbao 5 si 2, au ubadilishe mpira. Ulikuwa mkali mno kwa leni iliyokauka. Ile yurethani yako ya mtumba bado unayo?

#52 Mluguru wa Ohio
Ninayo, iko chini ya kitanda. Nitaibeba Alhamisi ijayo kwa mchezo wa 3. Nimemuuliza fundi mitambo wa ukumbi urefu wa mafuta, kaniambia futi 41.

#53 Dogo Mgeni
41 toa 31 ni 10. Sasa wewe ulikuwa ubao wa 8 ukapata 213?